Siku 81 za Ushindi, Miaka Mingi ya Chupa

Katika mwaka 1978 Henry Rono, kijana wa Kinandi kutoka Kenya aliyekuwa akisoma Marekani, alivunja rekodi nne za dunia kwa muda wa siku 81 tu: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Ulimwengu ulistaajabu.

Hata hivyo, medali ya Olimpiki hakuipata. Kenya ilisusia michezo ya mwaka 1976 na ile ya mwaka 1980. Pombe nayo ikawa mwenzi wake. Mwaka 1981, akiwa amekwisha kunenepa, alijifunga kibwebwe, akapunguza mwili, na mwezi wa Septemba huko Norway akavunja tena rekodi ya mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 6.2. Ushindi wa namna hiyo ndio umhadaao mnywaji, akadhani kwamba pombe haijamgusa. Baadaye fedha zilikwisha, na bingwa yule akalala katika makao ya wasio na nyumba.

Pombe hukausha maji mwilini, huharibu usingizi, na huchelewesha misuli kujijenga baada ya mazoezi. Mchezaji anywaye kila jioni hubomoa usiku alichokijenga mchana.

Jambo hili haliko mbali na kambi. Aghalabu timu ya kikosi ikishinda, zawadi ya kwanza huwa kreti ya bia. Ikishindwa, bia hiyo hiyo huwa kitulizo. Hivyo kijana hujifunza kwamba furaha na huzuni vyote dawa yake ni chupa. Viongozi wa timu wangefaa kuwakaribisha wachezaji kwa chakula kizuri, pamoja na wake zao na watoto.

Mke ndiye aonaye dalili mapema: mshahara haufiki nyumbani, mazoezi ya alfajiri yanakosekana, hasira zinazidi. Asifiche kwa aibu. Na amweleze mganga wa kikosi mapema, kwa maana ulevi ni ugonjwa unaotibika.

Rono mwenyewe alianguka mara nyingi kabla ya kuacha. Hatimaye aliacha, akawa mwalimu huko New Mexico, na mwaka 2019 akarejea kwao. Alifariki Februari 2024, akiwa na umri wa miaka 72, nchini mwake.