Kaka, Jifunze Kwanza Kuchanga Karata

Kuna staa mmoja wa TikTok, jina kapuni, anatamba na mazingaombwe ya karata. Juzi kaitwa kwenye bethdei ya mtoto, kalipwa kabisa, karata zikamwagika chini mara mbili. Watoto wakamzomea. Kwenye simu unakata video unaanza upya, sebuleni je?

Simcheki, hata mimi karata 52 zilinitesa. Ila alikimbilia kupoteza karata hewani kabla hajajua kuzichanga. The Royal Road to Card Magic, kitabu cha 1948, kinaanza na kuchanga tu! Pakiti mkono wa kulia, dole gumba la kushoto linavuta chache chache, macho kwa watu siyo kwenye vidole. Fanya hivyo hata ukiangalia tamthilia.

Na hela ya mama mtoto, kaka, rudisha hata nusu. Au namuonea, wadau?