Kompyuta Ndogo ya Shanzu: Tuiunge Kiungo kwa Kiungo

Mjadala umezuka hapa kwetu Shanzu, nami naona si vibaya kuuleta ukurasani, madhali najua hata Likoni, Malindi na Unguja wako wenye mjadala uo huo. Vijana wa mtaa wametaka tuchange fedha tununue kompyuta moja ya kuhifadhia tenzi na kasida za wazee wetu: zile zilizo katika makaratasi yaliyoanza kuliwa na mchwa, na zile zilizorekodiwa katika kanda na katika simu za watu. Juu ya kununua hapana aliyepinga. Ugomvi ni kwamba tununue ipi? Iliyo tayari dukani, au tununue viungo kimoja kimoja tuje tuiunge wenyewe? (Wako wasemao tarakilishi na wako wasemao ngamizi. Mimi naandika kompyuta kwa kuwa ndivyo aitavyo mama muuza mahamri wa pale stendi, naye ana haki katika lugha hii kuliko kamati.)

Rai yangu ni kwamba tuiunge wenyewe, na iwe ndogo.

Jambo lenyewe si la mchezo. Muyaka bin Haji alifariki mwaka 1840. Tungo zake nyingi zingalipotea lau si Mwalimu Sikujua bin Abdallah, wa hapa hapa Mvita, kuzikusanya na kuzinakili kwa hati za Kiarabu, akifanya kazi na Mwingereza W. E. Taylor mwishoni mwa karne ya 19. Diwani haikupigwa chapa ila mwaka 1940, miaka 100 tangu mshairi kuzikwa, na ukizitaka hati zenyewe leo basi safari yako ni ya London. Sitaki tenzi za bibi zetu wa Shanzu na Mtwapa zifuate njia hiyo, seuze kupotea kabisa katika simu iliyotumbukia majini.

Kwa nini iwe ndogo? Kwa sababu itawekwa katika pembe ya chuo, ambapo pana rafu ya juzuu, pana mkeka, na pana watoto arubaini. Tena kuna wazee wa Siyu na Pate ambao wako radhi kufungua kasha lao, lakini karatasi haitoki mlangoni. Basi mashine ndiyo itakayowafuata wao, ndani ya kikapu, kwa basi kisha kwa mashua. Mtu ataniuliza: je, kipakatalishi hakifai? Chafaa, mpaka siku kitakapoharibika. Vingi vya siku hizi kumbukumbu yake imechomelewa kwenye bodi, na chumvi yetu ya bahari huanza na vibonyezo. Kikifa kiungo kimoja, umekufa mwili mzima. Kompyuta ya kuunga hufanana na mtepe wa zamani ulioshonwa kwa kamba: ubao mmoja ukioza, fundi hufungua kamba akatia mwingine, chombo kikarudi majini.

Tuje kwenye viungo. Mtunzi wa mashairi hana haja ya kufundishwa maana ya nafasi finyu. Mstari wa shairi letu la kawaida una mizani 16, minane ya ukwapi na minane ya utao, na neno likizidi halikai hata liwe zuri namna gani. Sanduku dogo nalo lina mizani yake, na mizani hiyo ni milimita.

Kwanza ni bodi. Bodi kubwa ya kawaida, ambayo kipimo chake Intel ilikitangaza mwaka 1995, ina sentimita 30.5 kwa 24.4. Bodi ndogo iitwayo mini-ITX, iliyoletwa na kampuni ya VIA ya Taiwan mwaka 2001, ni sentimita 17 kwa 17, kama sahani ndogo ya sambusa. Gharama ya udogo huo ni kwamba kwa kawaida utapata nafasi mbili tu za kumbukumbu badala ya nne, na tundu moja tu la kadi ya kuongeza. Kwa hiyo usinunue kumbukumbu ndogo ndogo mbili leo ukasema kesho utaongeza. Kesho hapana pa kuongeza, itabidi uzitoe zote. Nunua moja ya GB 16, nafasi ya pili ibaki wazi, ikijaaliwa fedha itajazwa. Nasema hivi nikijua kwamba tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei za kumbukumbu zimepanda mno, viwanda vikiuza kwanza kwa mabohari ya akili bandia huko Marekani. Ndiyo dunia, tembo wakienda kisimani, sisi twangoja ndoo.

Pili ni prosesa, na hapa ndipo tulipogombana mimi na mwana wa ndugu yangu. Yeye anataka kadi ya picha, kubwa, yenye taa za rangi. "Ami," aliniambia, "bila kadi mashine haina nguvu." Nikamwuliza, nguvu ya kufanya nini, mwanangu? Herufi za Kiarabu, pamoja na zile zisizo za Kiarabu asili ambazo Kiswahili chahitaji, pe yenye nukta tatu chini, che, na ve yenye nukta tatu juu, zote zimo katika mpangilio wa Unikodi na huandikika katika mashine nyonge. Prosesa yenye picha ndani yake yatutosha. Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021 ina viini 6, ina picha yake yenyewe, na kipimo chake cha joto ni wati 65. Hukaa katika soketi ya AM4, iliyotoka mwaka 2016 na ikadumu miaka mingi, kwa hiyo bodi zake na kumbukumbu zake za DDR4 hupatikana hata mitumba. Soketi iliyofuata, AM5 ya mwaka 2022, haipokei ila DDR5. Mtu akikuuzia bodi ya namna moja na kumbukumbu ya namna nyingine, amekuuzia kufuli na ufunguo wa nyumba ya jirani.

Na joto tusilipuuze. Mabingwa wanaotoa nasaha za masanduku madogo aghalabu huandika wakiwa katika vyumba vya baridi vya Ulaya. Hapa kwetu, mwezi wa Februari, Kaskazi ikiwa imelala na pangaboi likisukuma hewa ya moto tu, chumba kina digrii 32 kabla hujawasha kitu. Kadi ya picha ya wati 200 ndani ya sanduku la ukubwa wa kanda ya viatu ni kujitafutia jiko. Tena feni ya prosesa ina kimo chake: ile inayokuja pamoja na 5600G ni milimita 54, na yako masanduku membamba ambayo nafasi yake haifiki hapo. Pima kwanza, ndipo ulipe. Chagua sanduku lenye wavu mwembamba wa kuzuia vumbi, unaotoka na kuoshwa, kwa sababu vumbi la Shanzu huja na chumvi, na chumvi huvuta unyevu, na unyevu ukikaa juu ya shaba ya bodi huila. Mashine inayowashwa kila siku huupunguza unyevu huo kwa joto lake. Inayofunikwa kitambaa mwezi mzima ndiyo iozayo.

Fedha ambazo kijana angezitia katika kadi, mimi nataka ziende mahali pawili.

Pa kwanza ni pawa saplai. Umeme wetu ni volti 240, na kila mtu wa pwani amewahi kuona taa ikizama, ikafufuka kwa ghafula na nguvu za jini. Masanduku madogo mengi hupokea pawa saplai ya namna ya SFX, ya sentimita 12.5 kwa 10 kwa 6.35. Ya wati 450 kutoka kampuni inayojulikana itazidi haja yetu mara kadhaa. Zile za bei ya samli, zenye swichi nyekundu nyuma ya kuchagua 115 au 230, ziangaliwe vizuri: ikiwa imewekwa 115 ukaichomeka ukutani Shanzu, utasikia mlio mmoja tu. Na mbele yake iwekwe betri ya kuhimili umeme ukikatika, hata dakika kumi, upate kuzima kwa adabu.

Pa pili ni hifadhi. Ukurasa mmoja wa A4, ukipigwa picha ya rangi kwa nukta 600 kila inchi bila kuminywa, ni kama MB 100. Utenzi wa kurasa 200 ni GB 20. Basi diski ya TB 1, ile bapa ya M.2 isiyozidi kipande cha chingamu, itachukua kurasa elfu tisa na ushei. Hiyo ni ya kufanyia kazi. Ya kuhifadhia iwe diski mbili za kuzunguka za nje, kwa kuwa zile zisizozunguka, zikikaa muda mrefu bila umeme, huweza kusahau. Moja ikae chuoni na ya pili isikae Shanzu kabisa.

Wapo wanaosema kwamba haya yote ni israfu, kwamba madukani mjini ziko kompyuta ndogo zilizotumika katika maofisi ya Uingereza, za kushikika kwa mkono mmoja, na bei yake nusu. Kwa mwenye kuandika barua na mahesabu ya duka, neno lao ni sawa, anunue. Lakini aulize umri wake. Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel zilizo kabla ya kizazi cha nane, kilichotoka mwaka 2017. Nyingi katika zilizopangwa rafuni ni za kabla ya hapo. Ukiweza kutumia Linux hilo si tatizo. Tatizo ni kwamba muuzaji hakwambii.

Kuna faida nyingine ambayo haimo katika hesabu. Binti mmoja wa darasa la mwisho hapa mtaani ndiye aliyeandika orodha yetu ya viungo, akaikagua kipimo kwa kipimo, na akamkamata fundi mmoja mzee aliyetaka kutubandika feni isiyoingia. Akiifunga mashine hii kwa mkono wake, itakapogoma mwaka ujao hatutaipeleka popote.

Vitu vyote viko Nairobi, vitaletwa kwa basi. Kilichobaki ni sanduku, na mwana wa ndugu yangu ameshikilia lile lenye kioo ubavuni. Nimemwambia nitakubali kioo ikiwa yeye ndiye atakayeibeba diski ya pili mpaka Lamu.