Mlima ukibomoa tunajengewa, Serikali ikibomoa je?

Leo disko na mitindo vikae pembeni kidogo, twendeni Katesh, kule Hanang.

Desemba 3, 2023, mlima uliporomosha tope, mawe na magogo mpaka mjini. Zaidi ya watu 80 walikufa, na wengine walibaki na nguo za mwilini tu. Serikali haikulala. Zilijengwa nyumba zaidi ya 100 pale Waret na waathirika wakakabidhiwa. Kwa hilo heko, tusiwe wachoyo.

Lakini ngoja kwanza. Hilo jina Waret mzee wa Kibarabaig analijua kwa habari nyingine kabisa. Lilikuwa mojawapo ya mashamba 7 ya ngano ya NAFCO, shirika la umma, yaliyolimwa kwa msaada wa Kanada tangu miaka ya 1970. Kama ekari 100,000 hivi! Wewe unayegombania kiwanja cha hatua ishirini, hebu piga picha.

Sasa ardhi ile haikuwa pori la bure. Watu walichunga humo, wakazaa humo, wakazika humo. Wakaondolewa. Nyumba zikachomwa, matrekta yakapita mpaka juu ya makaburi. Eti maendeleo.

Wanakijiji wa Mulbadaw hawakukubali kuonewa kimya kimya. Mwaka 1981 wakaishitaki NAFCO, na Mahakama Kuu ikawapa ushindi. Rufaa ikakatwa. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi ule, na sababu mojawapo ni kwamba hawakuthibitisha kisheria kuwa wao ni wazawa. Jamani! Uzaliwe Hanang, babu yako alale Hanang, halafu uulizwe cheti cha uzawa!

NAFCO yenyewe ilishakufa. Mashamba mengine yakauzwa, mengine wakarudishiwa wanavijiji. Sasa aliyechomewa nyumba akamdai nani? Shirika halipo, Wakanada walishaondoka, na wakubwa waliotia saini hakuna anayewataja.

Mlima hauna akili, ndiyo maana hatuushitaki. Mwenye kalamu anayo. Kwa hiyo mshikaji, siku ukiambiwa mtaa wenu unapisha mradi, usikimbilie kufunga virago. Uliza mawili tu: tutalala wapi, na saini hii ni ya nani? Jina uliandike mahali.

Tuonane wiki ijayo, panapo majaaliwa.