Daftari la Wiki: Malaika, Kunguru na Risiti

Wiki hii naandika nikiwa Suffolk, mashariki mwa Uingereza, kwa hiyo kuhusu umeme wa huko nyumbani sijui lolote, na naomba nisiambiwe.

*

Blythburgh ni kijiji cha watu mia chache kando ya kinamasi, nacho kina kanisa la kutosha mji mzima. Ukilitazama kutoka barabara kuu utadhani meli imekwama topeni. Asili yake ni biashara. Kanisa la Utatu Mtakatifu lilijengwa kwa sehemu kubwa karne ya 15, siku ambazo vyombo vilipanda mto Blyth mpaka hapa. Halafu meli zikawa kubwa, mto ukajaa tope, wenye fedha wakaenda zao. Kanisa halikuwa na pa kwenda.

Pande hizi hazina mawe mazuri ya kujengea, ila gumegume, lilelile la bunduki za mababu. Fundi analipasua, anageuza uso mweusi unaong'aa nje, analipanga kwa chokaa. Fundi wa Lamu angekaa naye kibarazani wakaelewana, kila mmoja akilisifu jiwe lake.

*

Mfalme Anna wa Anglia Mashariki aliuawa vitani karibu na hapa mwaka 654. Ndiyo, mfalme.

*

Sasa malaika. Paa la ndani ni la mbao, linakwenda moja kwa moja tangu magharibi hadi madhabahuni, na rangi za kale bado zinaonekana. Katikati yake wamo malaika wa kuchongwa, wawili wawili, wamepeana migongo, mabawa wazi. Vioo vya rangi karibu vyote vimekwisha, hivyo mwanga unaingia mweupe mtupu na kuwaanika kila kovu.

Na makovu wanayo. Mgeni yeyote atasimuliwa kisa cha William Dowsing, mtu wa Suffolk aliyepewa kibali, wakati wa vita kati ya Mfalme na Bunge, cha kuvunja picha na sanamu makanisani. Alifika Blythburgh Aprili 1644. Inasemekana watu wake waliwamiminia malaika risasi. Ushahidi? Vipande vya risasi vilikutwa ndani ya mbao zenyewe. Unataka nini tena?

Mimi nilitaka vitabu vya hesabu, kama kawaida yangu, na vipo. Risasi zilipochunguzwa zilionekana kuwa za karne ya 18. Na katika hesabu za kanisa za mwaka 1761 imeandikwa malipo kwa watu waliokuja kupiga kunguru wadogo mle kanisani. Wazee wa kanisa walikodi bunduki kwa ajili ya ndege, bunduki zikawapata malaika, mtu akaandika gharama kwa mkono safi, na lawama akabebeshwa marehemu aliyekuwa kaburini karibu miaka mia.

Simtetei Dowsing. Alivunja mengi, na kwa kawaida alitoza shilingi 6 na peni 8 kwa kila kanisa alilolivunjia, ada ya kubomolewa ukilipa mwenyewe. Aliacha shajara yenye orodha ya kazi yake, kama karani mwadilifu. Shajara hiyo inasema aliamuru malaika hawa washushwe. Basi. Aliamuru, akapanda farasi, akaenda kijiji kingine. Paa liko juu, ngazi ni ndefu, na sidhani wanakijiji walikuwa na haraka. Anayedhani amri ikishatiwa saini kazi imekwisha, aje atazame juu.

Msomaji wa Dar es Salaam ambaye amewahi kupigana na kunguru wa dirishani kwake atawaelewa wazee wa 1761. Mimi nawaelewa, na zaidi nawashukuru kwa kutunza risiti. Nimeyasema haya hapa mara nyingi kuhusu vyama vya ushirika, kamati za harusi na mifuko ya ujenzi, mkanicheka. Chekeni.

*

Kwenye mbao za pembeni mwa mabenchi zimechongwa dhambi kubwa. Mvivu yuko kitandani. Mlafi ana kitambi na ameridhika. Fundi, nadhani, aliwapenda hawa kuliko watakatifu.

*

Mlango wa kaskazini una alama nyeusi za kuungua. Tarehe 4 Agosti 1577, watu wakiwa ibadani, dhoruba ya radi iliangusha mnara wa juu na kuua baadhi ya waliokuwa ndani, mmoja wao mvulana. Kijitabu kikachapwa London kusema kwamba siku hiyo, huko katika mji wa Bungay na hapa, aliingia mbwa mweusi wa kishetani, na alama za mlangoni leo huitwa kucha zake. Wachunguzi wa majengo ya kale wamekuta alama kama hizo kwenye mbao nyingi nchini humo, na nyingi ziliunguzwa makusudi kwa mshumaa, kama kinga.

Mbwa ana jina na wageni humpiga picha. Yule mvulana niliuliza anaitwa nani. Niliuzwa kadi ya mbwa.

*

Mwanasesere wa saa wa mwaka 1682, mwenye ndevu, anagonga kengele ibada inapoanza. Hajawahi kuchelewa kuliko mhubiri.

*

Mwaka 1881 kanisa lilifungwa kwa kuwa hatari. Wanasimulia kwamba kabla ya hapo waumini walifungua miavuli ndani. Ndipo ukaanza ugomvi: wenyeji walitaka kulikarabati, na chama cha kulinda majengo ya kale alichokianzisha William Morris mwaka 1877 kiliwazuia wasikwangue, wasing'arishe, wasibadilishe kilicho cha kale kwa kipya kinachojifanya cha kale. Walibishana miaka. Fedha nazo hazikuwapo. Kwa ubishi huo na umaskini huo, rangi za 1400 na kitu ziko darini hadi leo, huku makanisa ya matajiri ya enzi ileile yakisuguliwa mpaka yakafanana na benki.

*

Mlioniandikia kuuliza kama nimeacha lile suala nililowahi kuliandika hapa, la vigae vya bafuni kubandikwa kwenye mihrabu ya zamani: sijaacha. Wiki ijayo, na nina picha.