Mlango wa Pili wa Chuo Kikuu

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Ndugu msomaji, zikitajwa shida za walemavu vyuoni, wengi wetu huwaza juu ya ngazi. Twasema, "Wajengewe njia ya kiti cha magurudumu," halafu tunadhani kazi imekwisha. Njia hiyo ni muhimu, sikatai. Lakini chuo kikuu cha siku hizi kina mlango wa pili, nao ni tarakilishi. Anayefungiwa mlango huo yuko nje, hata akiwa ameketi katikati ya darasa.

Hebu tuhesabu pamoja. Mwanafunzi akimaliza kidato cha nne, huchagua kozi kwa mtandao. Mkopo huombwa kwa mtandao. Akishafika chuoni, kujiandikisha masomo, kusoma maelezo ya mhadhiri, kupeleka kazi na kuona matokeo, mengi ni humo humo. Sasa niambie, asiyeona afanyeje?

Jibu lipo, wala si uchawi. Kuna programu zinazosoma kwa sauti maandishi yaliyo kwenye skrini. Mojawapo yaitwa NVDA. Ilianzishwa mwaka wa 2006 na Michael Curran wa Australia, akishirikiana baadaye na James Teh. Wote wawili hawaoni. Programu hiyo hutolewa bure. Anayeitumia hahitaji kipanya. Hubonyeza vitufe na kusikiliza.

Basi tatizo liko wapi? Liko kwa wanaotayarisha kurasa. Mhadhiri akipiga picha kurasa za kitabu na kuzitia mtandaoni, kwa mwenye macho hayo ni maandishi, lakini kwa programu ni picha tu, nayo hunyamaza. Kitufe kisichopewa jina husomwa "kitufe", basi. Kitufe cha nini? Cha kutuma au cha kufuta? Kiziwi naye huwekewa video ya mhadhara isiyo na maandishi chini. Wa kiti cha magurudumu huambiwa chumba cha tarakilishi kiko ghorofa ya tatu, na lifti hakuna.

Hapa mtaani kwetu Kabiro nimeona matokeo yake. Dada mmoja jirani yetu, asiyeona, anasoma chuo fulani. Ukurasa wa kujiandikisha hausomeki na programu yake, kwa hiyo kila muhula huenda saiba na kumpa kijana wa pale neno lake la siri. Kijana huyo ni mwema, lakini huziona alama za dada kabla ya dada mwenyewe kuzijua, na karo anayodaiwa pia. Je, wewe ungekubali? Sisi tukipewa ripoti shuleni twaikunja mara nne ili jirani wa dawati asichungulie! Msaada ni mzuri, lakini siri ya mtu ni heshima yake.

Wapo watakaosema, "Hao ni wachache, na pesa hazitoshi. Hata sisi wazima tunagombania mashine." Hoja hiyo nimeisikia darasani mwetu. Wachache? Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu zaidi ya watu 900,000 wenye ulemavu hapa Kenya. Pesa? Ni kweli lifti ni ghali, na mashine ya kuchapa Breli vilevile. Lakini kukipa kitufe jina si gharama, ni kukumbuka tu. Kuhamisha chumba cha tarakilishi kuja chini ni kazi ya siku chache. Tuanze na hayo. Aidha, Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vizuizi vyake. Haki si sadaka, bwana, eti mtu aingojee mpaka tajiri ajisikie.

Maoni yangu ni haya. Kila chuo, kabla ya kufungua ukurasa mpya, kiwaite wanafunzi wake wasioona, viziwi na wasioweza kushika kipanya, waujaribu kwanza. Wakikwama, urudishwe kwa fundi. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Louis Braille wa Ufaransa, naye asiyeona, alikuwa na umri wa miaka 15 tu mwaka wa 1824 alipobuni maandishi ya nukta ambayo wasioona wanayasoma hadi leo. Hakungoja wenye macho wamfikirie.

Wenzangu wa chama cha Kiswahili, baadhi yetu tutakuwa mafundi wa tarakilishi, na wengine wahadhiri. Siku hiyo ikifika, kabla hujasema kazi imekwisha, izime skrini yako, utege sikio, kisha ujaribu kujiandikisha masomo. Ukishindwa wewe, ujue umemfungia mtu mlango.