Kisu cha Mfalme na Kimya Chetu

Sura ya 36 ya kitabu cha Nabii Yeremia inatusimulia juu ya mfalme Yehoyakimu aliyeketi katika nyumba yake ya majira ya baridi, moto wa makaa ukiwaka mbele yake. Mtumishi anamsomea maneno ambayo Baruku aliyaandika kutoka kinywani mwa Yeremia. Kila zinaposomwa safu tatu au nne, mfalme anazikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni, hadi gombo lote linateketea. Watu watatu wanamsihi asilichome, hawasikilizi. Waliobaki wanatazama tu. Maandiko yanasema kwamba hawakuogopa wala hawakurarua mavazi yao.

Nimewafundisha wakatekumeni sura hii kwa miaka mingi, na kila mara nilimtazama mfalme. Siku hizi nawatazama wale waliokuwa wamesimama kando.

Nina sababu. Mmoja wa walezi wa vijana wetu alileta Shamba la Wanyama, riwaya ya George Orwell iliyofasiriwa kwa Kiswahili na Fortunatus Kawegere, akaanza kuisoma na kundi lake kila Jumamosi baada ya mafundisho. Jumamosi ya nne kamati ilimwita. Aliambiwa mambo matatu: kwamba hadithi za kutunga si chakula cha Mkristo, kwamba kitabu hicho ni siasa ya Wazungu wa zamani, na kwamba hata kama kina ukweli, sasa si wakati wake. Kijana akakirudisha kitabu katika mfuko wake, akashukuru kwa heshima, akatoka. Mimi nilikuwa mmoja wa wanakamati. Nilinyamaza. Makala hii ni jibu ambalo nilipaswa kulitoa siku ile.

Tuanze na neno la kwanza. Anayesema kwamba hadithi si chakula cha Mkristo amesahau ni nani aliyetupa Mwana Mpotevu na Msamaria Mwema. Amesahau pia nabii Natani. Daudi alikuwa amemtwaa mke wa Uria na kumwua mumewe. Natani hakuja na mashtaka. Alikuja na hadithi ya tajiri aliyemnyang’anya maskini mwanakondoo wake wa pekee. Daudi akakasirika, akatoa hukumu, kisha akaambiwa: mtu huyo ni wewe. Hadithi ilipita mahali ambapo mashtaka yasingepita. Riwaya zinazochora nchi ya kesho iliyogeuzwa gereza zinafanya kazi hiyohiyo: tunamhukumu mtawala wa kubuni, halafu tunaitambua sura yetu. Padri Mwingereza, Robert Hugh Benson, aliandika riwaya ya namna hiyo mwaka 1907, Lord of the World, na Papa Fransisko aliwashauri watu waisome. Papa huyohuyo, mwaka 2024, aliandika barua nzima juu ya nafasi ya fasihi katika malezi, si kwa mapadri tu bali kwa Wakristo wote. Basi tusijifanye wakatoliki kuliko Papa.

Neno la pili: siasa ya Wazungu wa zamani. Ni kweli kwamba Orwell alipotoa Shamba la Wanyama mwaka 1945 alikuwa akiitazama Urusi ya Stalin. Lakini tusome anachosimulia. Wanyama wameandika amri saba ukutani. Usiku kuna mkono unaoongeza neno hapa na neno pale. Asubuhi wanyama wanasoma, wanaona kama amri haikuwa hivyo, kisha wanadhani kumbukumbu zao ndizo zenye kosa. Katika 1984, riwaya yake ya mwaka 1949, Winston analipwa mshahara ili asahihishe magazeti ya zamani, mtawala aonekane hajawahi kukosea. Na lugha yenyewe inapunguzwa maneno mwaka hata mwaka, ili siku moja mtu asiwe na neno la kuwazia uasi.

Je, haya ni ya mbali? Mwaka 1971 nchi yetu ilibadilishiwa jina, na mto wetu pia. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalipigwa marufuku. Gazeti letu la kikatoliki, Afrique Chrétienne, likasimamishwa, na Kardinali Malula akalazimika kuondoka nchini kwa muda. Bwana na Bibi yakafutwa kinywani, kila mtu akawa mwananchi. Kwenye televisheni, sura ya Rais ilishuka kutoka mawinguni kabla ya habari, kama ile ambayo sisi tunaingojea siku ya mwisho. Noeli iliondolewa katika sikukuu za taifa, na mwisho wa mwaka 1974 shule zetu zilichukuliwa na serikali. Hazikurudishwa mikononi mwa Kanisa hadi mwaka 1977.

Mimi niliingia darasa la kwanza mwaka 1975. Tuliimba na kumchezea Kiongozi kabla ya kujifunza kusoma. Jina langu la ubatizo lilikuwa jina la ndani ya nyumba: mama aliliita jioni, mlango ukiwa umefungwa, na asubuhi tulipotoka lilibaki ndani. Mtoto anayejifunza kwamba jina alilopewa mbele ya Mungu halitamkwi barabarani hahitaji kuelezwa riwaya ya Orwell inahusu nini.

Wala si mambo ya wazee tu. Tarehe 30 Desemba 2018 ilikuwa siku ya uchaguzi. Kesho yake intaneti ilikatwa, ujumbe mfupi wa simu nao ukazuiwa, matangazo ya RFI yakanyamazishwa; intaneti ikabaki imekatwa karibu wiki tatu. Baraza la Maaskofu lilikuwa limetuma waangalizi wapatao 40,000. Mwezi Januari likatamka kwamba matokeo yaliyotangazwa hayakulingana na yale waangalizi wake waliyoyakusanya. Fikirini thamani ya waangalizi wale: watu wa kawaida waliokaa katika vituo, wakaona hesabu kwa macho yao, wakaiandika. Amri ilikuwa bado iko ukutani, na kulikuwa na watu waliokumbuka ilivyoandikwa.

Neno la tatu ndilo gumu, kwa kuwa linavaa vazi la busara: si wakati wake. Orwell alilijua vizuri. Mwaka 1944 wachapishaji kadhaa wa Uingereza walikikataa kitabu chake, kwa kuwa Stalin alikuwa mshirika wao vitani. Katika dibaji aliyoiandika, ambayo haikuchapishwa hadi mwaka 1972, alieleza kwamba katika nchi yake sehemu kubwa ya udhibiti ni ya hiari: watu wenyewe wanaliweka kando neno lisilopendeza, bila amri ya serikali. Ray Bradbury naye, katika Fahrenheit 451 ya mwaka 1953, anachora nchi ambayo kazi ya kikosi cha zimamoto ni kuchoma vitabu. Mkuu wa kikosi anaeleza ilivyoanza. Haikuanza na serikali. Watu walichoka kusoma. Walitaka mambo mafupi, mepesi, yasiyomkera yeyote. Moto ulikuja baadaye, kumalizia tu.

Huo ndio mpangilio wa mambo: kwanza kimya, halafu kisu, halafu moto. Siku ile hakuna askari aliyeingia katika ukumbi wetu, wala barua yoyote kutoka ofisi ya serikali. Tulimfanyia mfalme kazi yake kabla hajaiomba.

Mtu atauliza: basi kila neno litolewe bila kipimo? Hapana. Sisi wa nchi hii tunajua kwamba uvumi unaweza kumwua jirani, na kwamba kuna maneno ya chuki yanayopaswa kukataliwa kwa nguvu zote. Lakini anayekataa uongo anafanya hivyo hadharani, kwa jina lake, akitoa sababu zake. Anayeficha ukweli hufanya hivyo chini kwa chini, ili asisumbuliwe. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mlezi na mdhibiti. Tukiri pia makosa yetu: Kanisa lenyewe lilikuwa na orodha ya vitabu vilivyokatazwa, kuanzia mwaka 1559 hadi mwaka 1966. Liliiacha. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Inter Mirifica ya mwaka 1963, ulitambua kwamba jamii ya binadamu ina haki ya kupata habari. Kwa nini sisi walei tuiokote orodha ambayo maaskofu wetu wameitupa?

Kuna hatari nyingine ambayo Aldous Huxley aliiona tangu mwaka 1932: watu waliolewa starehe kiasi kwamba hakuna haja ya kuwachomea kitabu, maana hawana hamu ya kukisoma. Tazameni simu mikononi mwa watoto wetu, na mikononi mwetu pia wakati wa mahubiri. Kijana anayewakusanya wenzake ishirini, wakasoma kurasa kumi kwa sauti na kujadiliana, anastahili kiti, si onyo.

Mwishoni mwa riwaya ya Bradbury, wakimbizi wanaishi porini, kila mmoja amehifadhi kitabu kichwani. Mhusika mkuu, Montag, amebeba sehemu ya kitabu cha Mhubiri. Niliposoma hayo niliwakumbuka makatekista wa kwanza wa vijiji vyetu, waliotembea siku nzima wakiwa na katekisimu moyoni. Imani yetu ilipita kwa watu wa namna hiyo.

Na Yeremia? Bwana alimwambia atwae gombo jingine. Baruku akaandika upya maneno yote yaliyochomwa, na mengine mengi ya namna hiyo yakaongezwa. Kwa hiyo naomba, mbele ya wasomaji wa ukurasa huu, kamati yetu imwite tena yule kijana, safari hii kumwomba radhi. Jumamosi atakayoanza tena, nitakuwa nimeketi katika benchi la nyuma, pamoja na wanafunzi wake.

Kwa tafakari katika jumuiya zetu za msingi:

1. Tusome Yeremia 36. Katika chumba kile, mimi ningesimama wapi?
2. Ni neno gani la kweli ambalo jumuiya yetu imeliahirisha kwa kusema "si wakati wake"?
3. Ni kitabu gani tunaweza kukisoma pamoja, kwa sauti, kabla ya Majilio?