Mchezaji astaafupo, ujuzi wake usistaafu naye

KATIKA mashamba ya majani chai ya Kimulot, eneo bunge la Konoin, Kaunti ya Bomet, michezo ni riadha. Si ajabu. Ukanda huu ulimzaa Wilson Kiprugut Chumo wa Kericho, aliyeipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800, jijini Tokyo mwaka 1964.

Mpira wa vikapu haujapata heshima hiyo. Hata hivyo, una funzo linalowafaa wakazi wa huku: namna ya kumtumia mwanamichezo baada ya miguu yake kuchoka.

Mnamo Julai 20, 2024, Sudan Kusini nusura iiaibishe Marekani jijini London, ikalala kwa pointi 101-100 katika mechi ya kujipima nguvu. Nyuma ya timu hizo walikuwapo wachezaji wastaafu waliopitia njia tofauti.

Kocha wa Marekani wakati huo, Steve Kerr, aliacha kucheza mwaka 2003 akiwa na mataji 5 ya NBA. Alianzia kwenye utangazaji, akichambua mechi katika televisheni, akawa meneja mkuu wa Phoenix Suns kati ya 2007 na 2010, kisha akairejea maikrofoni. Golden State Warriors walipomwajiri mwaka 2014, hakuwa amewahi kuwa kocha. Lakini alikuwa amesoma mbinu za wengine kwa miaka mingi. Alitwaa ubingwa mwaka 2015, 2017, 2018 na 2022.

Luol Deng, mzaliwa wa Wau aliyekulia ukimbizini Misri na Uingereza, alistaafu mwaka 2019 na kushika uongozi wa shirikisho la Sudan Kusini. Timu ilikabidhiwa Royal Ivey, naye mchezaji wa zamani wa NBA. Mwaka 2023 ilicheza Kombe la Dunia na kufuzu Olimpiki, na kwenye Olimpiki hiyo, jijini Lille, ikailaza Puerto Rico 90-79.

Wapo watakaosema kwamba wengi wa wachezaji hao walilelewa ughaibuni. Ni kweli. Lakini vipaji vilivyotawanyika havijikusanyi vyenyewe. Alihitajika mtu anayeujua mchezo na anayeaminiwa na wachezaji.

Kenya haikuwa mbali. Februari 2021 iliishinda Angola 74-73 na kurejea AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993. Huko Kigali, mwaka huohuo, ilitolewa na Sudan Kusini kwa pointi 60-58. Tofauti ilikuwa kikapu kimoja tu. Kombe la Dunia la 2023 na Olimpiki ya 2024, Kenya ilibaki mtazamaji.

Hapana shaka kwamba vipaji tunavyo. Tunachokosa ni mpango wa kumwezesha mstaafu kurithisha alichokipata kwa jasho. Kocha anayefundisha kwa kujitolea, baada ya kazi inayomlisha, hawezi kulaumiwa akichoka.

Kaunti za Bomet na Kericho zinaweza kuanza kwa kuwalipa wastaafu wafundishe shuleni. Vituo vya redio vinavyotangaza kwa Kikalenjin navyo viwape maikrofoni, wawaeleze vijana kwa nini mbio zilishindwa, si nani alishinda tu. Mwenye kueleza kosa hewani leo huenda akawa kocha wa kulirekebisha kesho. Akiachwa akae kimya nyumbani, kijana wa Kimulot atalazimika kuyarudia makosa yaleyale.